Tope la Bwawa la Kubatizia

Chókwè, 27 Novemba

...na lile neno ulilonitupia mbele ya waumini wako, wifi, sikuwahi kulijibu, kwa sababu nilikuwa na karai la tope kichwani. Lakini salamu kwanza. Mgongo unaendeleaje? Sisi ni wazima, tena wazima wa kuonewa wivu. Gezani, mdogo wako, ananiita nyota yake hata nikiwa napepeta mchele. Juzi alirudi shambani na yungiyungi mdomoni kama mbuzi. Nilicheka mpaka matapa, kisamvu chetu cha karanga, yakaungua, naye akayala yote akisema hajawahi kula matamu hivyo.

Ulisema: "Mke wa mdogo wangu ni tope kavu. Mvua ikija, maji ya bwawa hili yatatuambia kama ana uhai ndani yake. Yakinyamaza, arudi kwao." Wajomba wa Gezani wakakubali. Nami, bibi harusi wa juzi, nikaendelea kukukandikia bwawa lako la kubatizia.

Nasikia mvua imenyesha huko Mapai. Litazame bwawa kila asubuhi, wifi.

Wifi yako,
Nyeleti


Mapai, 19 Desemba

Nyeleti,

Mgongo ni mzima. Msalimie mdogo wangu. Wewe sijui nikusalimuje.

Bwawa limejaa samaki. Hakuna mto uliolifikia. Ni wadogo kama kidole, wengine wana mikia myekundu kama kilemba chako cha harusi. Jumapili bibi Tsatsawani aliinama, akawatazama, kisha akaniuliza watu wote wakisikia: "Nabii, si ulisema maji yatasema? Mbona yamesema na wewe umenuna?" Watu walicheka ndani ya kanzu zao nyeupe.

Nimewachota wote kwa ndoo, nikawapa kuku. Bwawa nimeliacha lipasuke kwa jua. Uchawi wako umeishia hapo, na wajomba nimewaambia neno langu liko palepale.

Mthavini, wifi yako


Mapai, 30 Januari

Wifi Nyeleti,

Hamjambo huko? Hukunijibu.

Mvua imerudi, na samaki wamerudi. Wale wa kwanza niliwamaliza kwa mikono yangu mwenyewe, nawe unajua sisemi uongo. Sasa hakuna anayeshuka kubatizwa. Wanawake wanaotafuta watoto wanakuja na vibuyu kuchota maji, na wanalitaja jina lako, si langu. Wajomba wamesema habari ya kukurudisha kwenu isitajwe tena.

Ulichotaka umekipata. Niambie tu ulifanya nini. Tafadhali, waondoe.

Wifi yako,
Mthavini


Chókwè, 7 Februari

Wifi mpenzi,

Pole na mgongo. Najua kuchota kunauumiza. Kimya changu kisikutie shaka, nilitaka tu ukae nacho, kama nilivyokaa na neno lako.

Uchawi sina. Kabla hatujaoana Gezani alinipeleka kwenye dimbwi la ng'ombe la huko Mapai, akanionyesha dume jekundu la samaki hawa likitetemeka ubavuni mwa jike lake lisilo na rangi, wakizama pamoja topeni kutaga. Akaniambia dimbwi likikauka wazazi hufa wote, lakini mayai hulala ndani ya tope kavu yakingoja mvua. Palepale akaniomba niwe mke wake. Ningemkataaje mtu wa maneno hayo?

Kwa hiyo uliponiita tope kavu, nilitabasamu chini ya karai. Nikarudi kwenye dimbwi lile, lililokuwa limekauka, nikachimba katikati, pale pale tulipochumbiana. Sikukuwekea samaki. Nilikuwekea kile ulichokidharau.

Na mayai hayaamki yote siku moja, wifi. Mengine huiacha mvua ya kwanza ipite, mengine hata ya pili. Chota upendavyo.

Dawa ipo: kubandua tope lote nililokandika na kulirudisha dimbwini. Utalibeba wewe, kwa karai lile lile, mbele ya waumini wale wale, na ukifika dimbwini utawaambia tope kavu ni nini. Mimi nitakaa mkekani na mume wangu, tumeshikana mikono.

Litafute karai. Tunakuja kabla mwezi huu haujaisha.

Wifi yako akupendaye,
Nyeleti