Fundi wa Viatu wa Kiandutu

Mwihoko, Ruiru
9 Novemba 1997

Kwako Kaka Wamalwa,

Pokea salamu zangu, wewe na wote hapo nyumbani. Miguu ya Mama inaendeleaje? Na mvua hii isiyokoma imewaruhusu kuvuna mahindi? Mimi ni mzima, ila nimechoka, Kaka, uchovu usioisha hata nikilala.

Katika barua yako uliniuliza ni lini nitatulia na kazi moja. Nimechelewa kukujibu kwa sababu jibu lenyewe ni refu.

Najua ulivyofurahi nilipovaa sare ya polisi. Lakini kule Thika kazi yetu kubwa ilikuwa kuwafukuza wachuuzi. Siku moja nilimkamata fundi wa viatu wa Kiandutu, mtaa wa mabanda wa huko Thika, anaitwa Bedan, akishona kando ya barabara. Tukiwa njiani kwenda kituoni soli ya kiatu changu ikabanduka, nikawa naburuta mguu. Akaniambia, "Afande, nifungue mikono nikushonee, kisha tuendelee." Nilimfungua. Akashona vizuri kabisa, halafu akanyoosha mikono nimtie pingu tena. Kutoka hapo kila niliyemkamata alinikalia rohoni, mpaka nikaacha kazi.

Mlinigombeza nyote nilipokwenda kusomea sayansi ya mazingira, mtu mzima, nikikaa hosteli ya Kahawa Wendani na wasichana walioniita auntie. Nilipomaliza nikaajiriwa kupima maji ya mto wanayochota watu wa Kiandutu, chini kidogo ya bomba linalomwaga maji taka. Waliponiona na chupa zangu walinizingira wakisema wamechoka kupimiwa maji, wanataka maji. Mama mmoja alinimwagia ndoo nzima. Aliyewatuliza ni Bedan. Aliwaambia kwamba mimi niliwahi kumfunga pingu, na hata hivyo yeye yuko tayari kunisikiliza, basi na wao wanisikilize.

Majibu yalikuwa mabaya. Mkubwa wangu akasema niandike kwamba maji ni salama. Nilikataa, na mkataba wangu haukuongezwa. Nikazunguka mwenyewe nyumba hadi nyumba nikiwaambia watu wachemshe maji. Mke wa Bedan alikuwa ameshalazwa na homa ya matumbo. Hakurudi nyumbani. Kwenye mazishi nilisimama nyuma kabisa.

Sasa nafundisha sayansi hapa Ruiru. Darasa limejaa hadi wengine wanaandikia mapajani, koo limekauka kwa chaki, na mgomo wa juzi umetuachia masomo tusiyoweza kuyamaliza. Bedan naye alihamia huku, na binti yake Waceke yumo darasani mwangu. Alikuwa akija kuuliza maendeleo ya mtoto. Baadaye akawa anakuja hata shule zikiwa zimefungwa.

Kaka, nisizunguke zaidi. Bedan ameniomba tuoane, na nimekubali.

Najua utakayosema: fundi wa viatu, Mkikuyu, amefiwa na mke, ana mtoto, tena ni mtu niliyemtia ndani. Yote ni kweli. Wewe ndiwe uliyeshika mahali pa Baba, kwa hiyo nakwambia kabla ya mtu mwingine yeyote. Mimi mwenyewe nilimwuliza kama haoni vibaya kumwoa afande aliyemkamata. Alisema siku ile aliona afande amechoka sana, na hakuna mtu aliyekuwa akimwuliza kwa nini. Nililia, Kaka. Miaka yote hii ya kubadilisha kazi, mmeniuliza nyote nakwenda wapi.

Tutakuja Desemba, sisi watatu. Ukitukaribisha nitashukuru mpaka uzeeni. Usipotukaribisha, tutakunywa chai na Mama uani, kisha turudi Ruiru tukaoane hivyo hivyo.

Mwambie Mama taratibu, akiwa ameketi. Wasalimie Wifi na watoto.

Ni mimi mdogo wako,
Idah