Kujumlisha Kwangu Kutamuua Shemeji

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla mambo hayajaharibika. Mimi ni mchukuzi katika ghala la vifaa vya ujenzi, mbali na kwetu, shule niliiacha njiani, ila nilijifunza kuandika programu kwa simu, na mtunza stoo, ambaye ni mtu wa kwetu, akaniachia kompyuta yake kwa siri nimtengenezee programu ya winchi, ya kusema mizigo ya siku itainuka au itakata mnyororo. Sasa lugha niliyoitumia inakuruhusu uipangie alama ya kujumlisha kazi yake ikikutana na vitu ulivyoviunda mwenyewe, na kwa kuwa tulikuwa tunapandisha mzigo mmoja mmoja, nikaiambia ikikutana na mizigo miwili isitafute jumla, ichague ule mzito tu, kwani huo ukipita, mwingine hauna shida. Pipa la rangi ukilijumlisha na sanduku la misumari, jibu ni pipa peke yake. Ilifanya kazi vizuri, wenzangu wakaniita Profesa.

Juzi msimamizi mpya akasema tunachelewa, tufunge mizigo miwili pamoja, na mtunza stoo akaijumlisha kwenye programu yangu, kompyuta ikapima ule mzito tu, ikajibu "Inua", naye akanipigia makofi! Nikasema tusubiri kidogo. Msimamizi akacheka, "Profesa, mashine imekubali, mgongo wako ndio unakataa?" Anayesimama chini kuelekeza mzigo ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, nilimleta mwenyewe, na mama mkwe alinishika mkono akasema, "Baba, nirudishie mzima." Nikisema ukweli, mtunza stoo atafukuzwa, nami nitamfuata, nikinyamaza ndiyo hivyo. Kilichokuwa kinasubiriwa ni minyororo mipya ya kufungia mizigo miwili pamoja, nayo imeshafika getini. Nifanye nini?

Mchukuzi mwenye hofu

JIBU: Pole, ndugu yangu, lakini hiyo pumzi ya kuniandikia ungeitumia kupiga kelele. Unalinda ajira ya rafiki kwa shingo ya shemeji? Hesabu yako ilikuwa sawa kwa mzigo mmoja mmoja. Ulipokosea ni kuificha ndani ya alama ambayo kila mtu anaijua tangu darasa la kwanza. Mtunza stoo hakukuuliza kwa sababu hakuona cha kuuliza, na programu haitalalamika, maana inatii ulichoiambia.

Weka simu chini, kamwondoe shemeji hapo. Usianze kumfundisha kompyuta, mwambie tu, "Toka!" Kisha mvute mtunza stoo pembeni, ajumlishe pipa na sanduku aone kwa macho yake. Nendeni wote wawili kwa msimamizi, winchi isiguswe. Atafoka. Mwacheni, kelele hazivunji shingo. Ndipo urekebishe: huko kuchagua mzigo mzito kupatie jina lake, liandikwe kwa maneno, na alama ya kujumlisha iachwe ijumlishe.

Mkifukuzwa, shemeji atakununia safari nzima kwamba umemharibia kazi. Mwache anune mpaka mlangoni kwa mama yake.