Shanga za Kiunoni

Mume wangu Boadu,

Huko Italia baridi imepungua? Hapa Kumasi mbuzi wa jirani kamaliza mihogo yetu. Sokoni wananisifu: "We Dufie, umepungua, umerudia usichana!" Nacheka nao.

Juzi nikitwanga fufu ya chakula cha jioni kinuni, natwanga mwenyewe, nageuza mwenyewe, zile shanga ulizonifunga kiunoni ziliteleza hadi miguuni. Nikaenda zahanati. Nesi kanipima damu, akasema, "Mama, sukari imepanda mno. Si mafuta tu yanayokwisha, mwili unakula hata misuli." Kumbe ndiyo maana mchi umekuwa mzito.

Nimeanza dawa. Anasema nikila vizuri nyama za mwili zitarudi.

Shanga sikuzipunguza ili zinikae. Nimezilaza kwenye mto wako. Nikinenepa, nani atanifunga?

Mkeo,
Dufie