Sherehe ya Kuwacheka Machav

Shangazi Maureen mpendwa, nisaidie kabla sijapoteza kazi yangu au watu wangu,

Mimi ni karani katika ofisi ya mawakili hapa Chatham, bado niko kwenye majaribio, na Ijumaa wenzangu wanafanya sherehe ya kujivika kama "chav", neno la Kiingereza la kuwakejeli vijana maskini, yaani suti za michezo, hereni kubwa za dhahabu bandia na maringo ya vijana wasio na kazi, na bosi wangu Lorraine amenipa mimi niandike mwaliko, nami nikaitika huku natabasamu kwa sababu hapa hakuna anayejua kwamba sisi ni Waromani, hao wanaoitwa majipsi, na kwamba bibi, aliyezaliwa kwenye gari la kukokotwa na farasi, hadi leo ananiita "chavi", yaani mtoto, na wengi husema neno lao la kejeli limetoka humo humo. Juzi Darren aliniuliza, "We kipenzi, mbona kikombe chako hukioshi kwenye beseni letu? Sisi tuna ukoma?" Wakacheka wote, nikasema nina aleji ya sabuni, kumbe kwetu chombo cha kunywea hakiingii kwenye beseni la kunawia mikono. Nikisema kweli, naogopa wataanza kuficha pochi zao kila nikipita. Nikinyamaza, nitakuwa nimewaalika watu waje kumcheka bibi yangu.

Mwoga, Chatham

Shangazi Maureen anajibu:

Mwanangu,

Pole. Hofu yako hukuitunga, midomo ya watu naijua. Lakini aleji ya sabuni! Utaulea uongo huo mpaka ustaafu?

Watakwambia siku hizi neno hilo lina maana nyingine, mtu wa chini asiye na adabu. Sawa, na hiyo ndiyo wanayoona inachekesha? Hata lisingetoka kwenu, kucheka maskini kwa nguo zao ni aibu.

Mwaliko usiuandike. Kesho mwone Lorraine peke yake, mwambie: "Mwaliko huu siuwezi. Mimi ni Mromani, na kwetu 'chavi' ndivyo tunavyomwita mtoto." Kisha nyamaza. Usiombe radhi, usijieleze sana. Huenda hajawahi kufikiria. Wengi hawajawahi, na wengi wakiambiwa hubadilika. Asipobadilika, sheria inawalinda Waromani kazini, na ofisi nzima ya mawakili haiwezi kusema haikujua.

Sauti itatetemeka. Iache itetemeke, itasikika tu.