Faranga ya Mufalme Niliyoiosha

Mudogo yangu Véro,

Nakuamkia wewe na nyumba yote kule Ubundu. Mugongo yako imepoa? Mvua imeacha paa ya jikoni? Mimi kaka yako niko muzima. Meno tu ndiyo yanapunguka, lakini hata hivi natafuna makayabu, samaki ile ya chumvi, kuliko vijana wote wa nyumba za lupango hii ya Mangobo. Barua hii naandika kwa mukono yangu mwenyewe. Wajukuu walitaka wakupigie simu, nimekataa. Mambo haya hayasemwi kwa simu, majirani wote wanasikia.

Bon. Ulinitumia faranga mbili za marehemu mama, ili mimi ninayejua vitu nichague ile ya kuweka juu ya sahani siku ya dot, mahari ya mutoto yako Dieudonné, na ile itakayobaki kwetu. Ulisema pia kwamba Papa Lobela, baba ya binti, anatembea anacheka watu, eti feza ya familia yetu ni kifuniko cha sufuria kilichokatwa mviringo. Neno hilo lilinichoma. Ndiyo maana nilifanya kazi hii na akili yote, na leo akili yote imevurugika.

Unazikumbuka vizuri. Moja iko na mufalme wa ndevu ndefu, nyuma yake simba wawili. Ingine iko na mama munene, kitambaa kichwani, nyuma yake ndege ya vichwa viwili. Zote mbili zilifika hapa nyeusi kama matako ya chungu. Mimi nikatazama mwaka. Ya mama inasema 1780. Ya mufalme ni mutoto mudogo mbele yake, imepita miaka zaidi ya mia ndipo ikazaliwa. Nikasema muzee ni muzee, hata kwa faranga.

Lakini mimi sikati kesi bila shahidi. Nikaenda kwa bijoutier mumoja, mufua pete wa sokoni. Akaziangusha moja moja juu ya jiwe lake, zikalia, sauti ndefu kama kengele ya misa. "Feza ya kweli, papa," akasema. "Bati haiimbi." Akaweka kwenye mizani. Mama alikuwa muzito zaidi. "Huyu mama amekula vizuri! Mimi nalipa uzito tu. Sura nayeyusha." Na kweli mukono yake ilikuwa tayari inaenda kwa moto, nikamunyanganya.

Nikarudi na furaha. Mama anamupita mufalme kwa miaka, kwa uzito, hata kwa upana. Donc mama anabaki kwetu, mufalme anaenda kwa wakwe. Nani angekata vizuri kuliko mimi?

Basi nikafanya kazi ya noko. Unajua desturi yetu: faranga ya dot haiendi kwa wakwe na moshi ya jiko yetu, na anayeiosha ni noko, kaka ya mama ya bwana arusi, kwa majivu na ndimu, mpaka binti ajione uso ndani. Nikakaa mbele ya mulango, nikasugua toka chai ya asubuhi mpaka harufu ya mboga ya pondu ya mchana ikaniita. Mufalme akawaka kama taa ya pikipiki. Watu walisimama kuangalia. Ndevu zilipunguka kidogo, nikawaambia, "Amenyolewa, anaenda kwa arusi."

Ningeacha pale. Lakini jirani akaniambia kuna Madame Régine kule Bangboka, karibu na uwanja wa ndege, anauza vitu vya zamani kwa wasafiri, na faranga anazijua kama watoto wake. Sikuenda kuuza, Véro. Nilitaka tu asifu, nami nikuandikie alivyosifu.

Akachukua mufalme, akaweka kioo kwenye jicho. Akamugeuza. Halafu akapiga mikono.

"Papa! Nani amefanya hii?"

"Mimi mwenyewe," nikasema, na kifua mbele.

"Na nini?"

"Majivu na ndimu. Mimi ni noko."

"Yesu! Papa noko, hii ya mufalme walitengeneza kidogo sana, ni ngumu kuipata. Jana ulikuwa na pikipiki mukononi. Umeiosha, imebaki baiskeli."

Nikamuambia hajui kitu. Nikatoa mama, nikamuonyesha 1780. Akacheka mpaka akashika meza.

"Hii wafanya biashara waliipenda sana, papa, toka pwani mpaka huku kwetu. Kwa hiyo Wazungu waliendelea kuipiga miaka na miaka, na mwaka hawakubadilisha. Hata iliyopigwa juzi inasema 1780. Hii ni kuku watatu. Wanne, kama una maneno matamu."

Véro, mutu akidanganya miaka yake kwa kitambulisho, wanamukamata. Faranga inadanganya miaka yake, na wanaipokea! Nikauliza, na ule weusi? Akasema weusi ndio ngozi yake, wanaokusanya faranga wanataka iwe na ngozi. Donc chafu inapita safi, mutoto anapita muzee, mwepesi anapita muzito. Niliuliza mara mbili. Nikarudi Mangobo, nikalala, nikaamka, bado haiingii. Lakini kule Ubundu usiambie mutu kwamba haiingii.

Sasa neno lenyewe. Madame alisema, "Papa, niachie huyu mufalme, hata vile amekwanguliwa. Baiskeli ni baiskeli. Wakwe wapelekee mama, hawatajua." Akaniuliza pia kama najuta. Nikasema hapana. Nilisema mbio sana, hata yeye aliona.

Nimefikiri. Niliposugua mufalme nilikuwa nataja jina ya Dieudonné, na jina ya mama yetu, kama inavyopaswa. Faranga iliyooshwa na noko haigeuki baiskeli. Mufalme ataenda kwenye sahani. Kama ni pikipiki nimeiosha, nimeosha pikipiki ya kwangu na ya kwako, na tutatembea kwa miguu kama zamani. Ukikasirika, kasirika kwa barua, nitajibu.

Mama munene anabaki na wewe. Usimuguse na majivu! Hata vumbi usipanguse.

Papa Lobela atasema tena mambo ya sufuria, na ndevu za mufalme hazitoshi tena kumujibu. Usibishane naye. Unakumbuka siku ya dot yako wewe, mama alichukua faranga hii ya mufalme, akaiachia ianguke juu ya jiwe la kusagia, na wakubwa wote wakanyamaza? Kwa bijoutier niliisikia tena sauti ile, nikashika ukuta. Nilipomaliza kuosha, nikaiangusha kwa mulango. Majivu haikuifikia sauti, Véro. Ni ile ile. Fanya kama mama. Iachie ianguke.

Faranga zote mbili nimezishona ndani ya kofia ya Tomasi, muuza chumvi anayeleta barua hii. Anavuka mto kesho, anapitia Lubunga. Mulishe vizuri, lakini kofia mutoe kwanza.

Salamu kwa bwana yako, kwa shangazi yetu mwenye miguu ya kuvimba, na kwa mwalimu wa kwaya aliyenishinda kwa drafti, mwambie alishinda kwa wizi. Dieudonné asimame wima siku ile.

Ni mimi kaka yako, noko wa kweli,
Alphonse