Siku Uliyonipima Moyo

Mjukuu wangu mpenzi,

Kuna jambo nimekuficha tangu kabla hujasafiri, na bora niliseme wakati mwandiko wangu bado unasomeka.

Nimefurahi kusikia umefika salama, na kwamba koti lako jeupe linakupwaya hadi manesi wanakuita Bwana Harusi. Hapa shangazi yako amenihamishia chumba cha mbele, nipate jua.

Lakini umeandika kwamba juzi, mlipozunguka wodini na daktari mkuu, ulisikia kasoro kwenye moyo wa mgonjwa ukanyamaza, mpaka mwenzako akaisema. Eti huyaamini tena masikio yako tangu uliponipima mimi. Maneno hayo yameninyima usingizi.

Siku ile uliniwekea chombo chako kifuani, ukakunja uso.

"Babu, moyo wako unavuma."

"Hiyo njaa, daktari."

Shangazi yako akadakia, "Hata shule hajamaliza, keshatuulia mzee!"

Tukacheka, nawe ukacheka kwa aibu, ukakifungasha chombo chako. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu ungejua ukweli usingepanda ndege.

Kesho utasimama mbele ya mgonjwa mwingine. Ukisikia kitu, kiseme, hata wakikucheka. Masikio yako ni mazima, mjukuu wangu. Wiki moja kabla hujanipima, daktari wangu alikuwa ameshaniambia kwamba moyo huu hautaumaliza mwaka.

Ni mimi,
Babu yako