Vyumba Viwili vya Pacha Wangu

Mama yangu,

Shikamoo. Mwaka wa tatu huu nakuamkia bila ya kungoja marahaba yako, na bado nikishalitamka neno hilo hunyamaza kidogo, kama ninayekupa nafasi ya kujibu.

Kuna mlio mmoja haujanitoka masikioni. Si mkubwa. Ni mlio wa mshono kupasuka chini ya kwapa, mfupi, kama mtu anayechana karatasi chumba cha pili. Ilikuwa asubuhi ya Idi, mimi na Zuhura tuna miaka tisa. Shangazi Mize alikuwa amemleta jana yake kutoka Matemwe, kama kila sikukuu. Ulitushonea magauni mawili ya waridi yaliyofanana mpaka vifungo. Zuhura alinyoosha mkono aupokee wako aubusu, na gauni lake likapasuka. Hakulia. Aliubana mkono ubavuni na akaubana hivyo siku nzima, hata wakati wa kula, hata kwenye bembea za sikukuu, ambako alishika kamba kwa mkono mmoja.

Unakumbuka ulivyokuwa ukipima? Ukiniita mimi, ukinisimamisha mbele ya dirisha, ukinizungushia utepe kifuani na mabegani, kisha ukikata kitambaa mara mbili. Niliwahi kukuuliza, na Zuhura je? Ukanijibu huku umeshika pini mdomoni, "Pacha ni mwili mmoja." Lakini Zuhura alikuwa akipiga makumbi ya nazi ufukweni na shangazi tangu ana miaka saba, na mabega yake yalikuwa mapana kuliko yangu mimi niliyekuwa nikibeba madaftari. Idi iliyofuata ulipima vilevile. Shangazi Mize hakukusahihisha. Alianza tu kuja na sindano na uzi, kavifunga kwenye pindo la kanga yake.

Nakuandikia haya kwa sababu nina mimba, mama, na wamo wawili.

Bi Time, mkunga, ndiye aliyegundua. Aliniweka mkono hapa na pale, akatega sikio kwenye kile kipembe chake cha mti, akahama upande, akatega tena. Kisha akaniambia, "Mwanangu, nyumba hii ina wapangaji wawili." Khamis, mkweo, alikuwa nje ya mlango. Alipoambiwa alikaa kwenye ngazi akauliza kama Bi Time ana hakika. Bi Time alimjibu kwamba yeye huhesabu vichwa, si ndoto.

Tukaanza kutayarisha chumba chetu cha juu kule Mjini, kimyakimya, maana unajua mtoto hatandikiwi kwa makelele kabla hajafika, seuze wawili. Khamis alichanganya chokaa akapaka kuta, akaziba lile tundu la paa linalovuja juu ya kabati. Vitabu vyangu vya chuo cha ualimu viliteremshwa rafu mbili, na Khamis akasema kuwa hawa wageni hawajaja ila washaanza kuwafukuza wenyeji. Kitambaa kipya mwaka huu hakipatikani ila kwa foleni, na kipya hakitakiwi. Nilihitaji kanga kuukuu, zile zilizofuliwa mpaka zikawa laini, za kuwafungia winda. Ndiyo sababu nilifungua sanduku lako. Sikuwa nimelifungua tangu tukuzike.

Kanga nilizikuta. Chini yake nilikuta furushi dogo. Ndani yake mlikuwa na vigauni vitatu vya mtoto wa miaka miwili, kofia ya kitambaa, na kiatu kimoja. Vigauni vyangu vya umri ule nilivivaa vikaisha vikawa vya kupangusia taa, nakumbuka. Hivi vilikuwa vya Zuhura. Ulipomwachisha ziwa ukampa shangazi, kwa kuwa shangazi hakuzaa na baba alimwonea huruma dada yake, vitu hivi hukumpa. Uliviosha, ukavikunja, ukavitia udi. Harufu yake imebaki kidogo sana.

Nilikaa sakafuni navyo mapajani. Miaka yote nilidhani ulimtoa mtoto ukasahau kipimo chake. Sasa sijui. Labda ulikuwa ukimngoja mtoto wa miaka miwili arudi, na yule msichana mwenye mabega aliyekuja kila Idi hakuwa yeye.

Ningelifunga furushi nikaendelea na kazi zangu, lakini lilikuwapo jambo ambalo nilikuwa nimelifanya wiki iliyotangulia, au sikulifanya.

Khamis ana dada yake, Salama, anakaa Bububu na mumewe. Miaka kumi na miwili ya ndoa, hakujaaliwa. Si mtu wa kulalamika. Akija kwetu huja na kitu, muhogo au shokishoki, na hukosoa namna ninavyokosha mchele. Siku ile alikuja na kapu la ndizi, akalitua, akakaa kwenye mkeka karibu yangu, wala hakunikosoa. Alisema, "Fatma, wewe Mungu kakupa kwa mikono miwili. Mie nnaomba wa mkono mmoja."

Khamis aliinamisha kichwa. Nami nikanyamaza.

Mama, wewe ndiye uliyenifundisha maana ya kunyamaza. Walipokuja kuniposa, ulinipeleka ndani ukaniambia nikiulizwa nisiseme kitu, kwani mwari akinyamaza amekubali. Nilinyamaza, nikaolewa, na sikujuta. Lakini kimya kile cha siku ya Salama hakikuwa cha kukubali. Nilikuwa nimetafuta neno la kumwambia mtu mwenye macho kama yale, nisilipate. Yeye alikisikia kama kinavyosikiwa kwetu. Alinibusu paji la uso akaondoka na kapu tupu, na siku chache baadaye Khamis akaniambia, bila ya kunitazama, kuwa dada yake amepaka chokaa chumba cha uani na amemwita fundi achonge kitanda.

Basi kulikuwa na vyumba viwili vinavyonuka chokaa mbichi kwa ajili ya watoto wangu, kimoja Mjini, kimoja Bububu.

Nilimwuliza Khamis analionaje. Alisema yeye ni ndugu wa mmoja na mume wa mwengine, na akisema lolote atakuwa ameuibia upande mmoja. Nilimkasirikia, kisha nikaona kuwa ni kweli. Mtu wa kuulizwa alikuwa mmoja tu. Nikapanda gari la Matemwe na tumbo langu, nimekaa mbele karibu na dereva, aliyekuwa akipunguza mwendo kwenye kila shimo na kuniomba radhi kama shimo ni lake.

Nilimkuta Zuhura ufukweni, maji yamekupwa, anafukua makumbi yaliyofukiwa yaoze. Aliponiona alicheka akasema nimekuwa kama mtungi wa harusi. Tulikaa. Nilimweleza yote, na furushi nilimpa. Alikitia kidole kile kiatu akakizungusha.

"Shangazi kanilea vizuri," alisema. "Usije ukamtia makosani, keshakufa na hana wa kumsemea ila mie."

Nikamwambia simtii. Nataka kujua tu kama kupewa kulimwuma.

Alipangusa mchanga magotini. "Kupewa hakukuniuma. Kila Idi nikifika mlangoni, mama akisema, karibu mwanangu, karibu. Na wewe ukisema karibu." Alikirudisha kiatu furushini. "Mtu hakaribishwi kwao, Fatu."

Niliinama nikalifunga furushi. Aliona, akanigonga bega kwa bega lake. "Na yale magauni yenu! Nikivuta pumzi baada ya kuyavua."

Tulicheka mpaka nikashika tumbo, na humo ndani wakageuka wote wawili kwa pamoja.

Niliporudi nililala Mjini. Asubuhi ya pili yake nilikwenda Bububu peke yangu. Salama alikuwa akipeta mchele barazani. Sikungoja kukaa vizuri. Nilimwambia, "Wifi, siku ile nilinyamaza kwa woga, si kwa ridhaa. Sitoi mtoto."

Aliendelea kupeta. Alichagua jiwe, akalitupa. Alichagua jengine. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na ungo, "Chumba nshakipaka chokaa."

Hapo ndipo nilipolisema lile ambalo njiani sikuwa na hakika kama nitalisema. Nilimwambia kuwa mwanamke uzazi wa kwanza huzalia kwao, na kwetu sina tena; wewe, mama, hupo, baba hayupo, na vyumba vyetu wanakaa watu wengine. Kama atanipokea, nitazalia kwake na arubaini yangu nitaikalia kwake, mimi na watoto wote wawili.

"Na arubaini ikisha?"

"Ntarudi nao wote wawili. Nakwambia leo kwa mdomo, usije ukasema nilinyamaza."

Alinyanyuka akaingia ndani. Alikawia. Nilisikia vyombo vikihamishwa bila ya sababu, na nilifikiri kuwa nimemfanyia ukatili mara mbili, kumnyima kisha kumwomba. Alirudi na vikombe viwili vya chai, macho yamevimba, akakaa.

"Kitanda nilichochongesha ni kimoja," alisema.

"Watalala pamoja."

"Watapigana mateke."

"Wameshazoea."

Akatazama tumbo langu, kwa mara ya kwanza siku ile. Akaniuliza kama nimekula.

Sijui, mama, kama nimefanya vyema. Kuna nyakati namwona Salama akipita mlangoni, anasimama, anakitazama kitanda, na najua kuwa siku arubaini zitakuwa fupi kwake na siku ya arubaini na moja itakuwa ndefu kwetu sote. Wewe sikulaumu tena kama nilivyokuwa nikikulaumu. Ulikuwa na watoto wawili mgongoni na kifuani, na mume aliyekuwa akimwonea huruma dada yake, na pengine nawe ulinyamaza tu, na kimya chako kikasikiwa na kila mtu kuwa ni naam. Hilo sikupata kukuuliza. Nilikuwa na furaha ya kuwa mimi ndiye niliyebakia, na furaha hiyo haiulizi maswali.

Leo ni siku yangu ya sita katika chumba cha uani, Bububu. Khamis amenileta na sanduku lako. Salama amechemsha kanga kuukuu zote amezianika, na ameshanikosoa namna ninavyokunja. Zuhura atakuja Alkhamisi akae mpaka nijifungue. Yeye ndiye atakayewaosha watoto. Nimempelekea kitambaa cha gauni, kile cha waridi nilichopigia foleni tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Nimekipeleka kizima, sikukitia mkasi. Na nimemwambia Salama kwamba Zuhura akifika mlangoni, asimwambie karibu. Amwambie tu, mbona umechelewa.

Nakuombea kheri huko uliko.

Mwanao,
yule uliyebaki naye